Najijua vizuri, sasa mbona kila nikijitabiria mwenyewe nakosea?

sindano_na_uzi (Arusha)

Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa wote humu. Mimi ni fundi cherehani, niko Sakina hapa Arusha, huu mwaka wa 11 nashona na namshukuru Mungu kazi ipo. Swali langu sio la ushonaji, ni la kichwani, ila nitalieleza kwa kazi yangu maana ndo ninayoijua.

Mwezi wa tisa mama mmoja kaniletea vitenge vya kipaimara cha mtoto wake, magauni matano, lake, la bibi na ya mashangazi watatu. Nikapima wote, nikaandika, akaniuliza lini, nikamwambia njoo Alhamisi. Kipaimara chenyewe Jumapili. Yaani wakati namwambia Alhamisi mimi mwenyewe nilikuwa naiona hiyo Alhamisi, naona magauni yamepigwa pasi yananing'inia pale mlangoni. Alhamisi kaja, nimemaliza mawili. Ijumaa kaja, matatu. Jumamosi saa nne usiku kasimama mlangoni kajifunika kanga kwa baridi, mimi namalizia la bibi, na nimelitoa bila bitana maana muda wa kuweka bitana haukuwepo tena. Hakugomba. Kalipa hela yote, kalikunja vizuri kaweka kwenye mfuko, alafu akaniambia "dada, we unadanganya kwa sauti ya mtu mkweli".

Hiyo kauli nimelala nayo siku nyingi kwa sababu sikudanganya. Kama ungenipima moyo siku ile ungekuta Alhamisi imeandikwa mle ndani.

Kwaiyo nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati, kushoto naandika siku niliyomwambia mteja, kulia naandika siku nguo ilipotoka kweli. Sikumwambia mtu yeyote. Oda 40 za kwanza, zilizotoka siku niliyosema ni 9. Tisa! Na hakuna hata moja iliyotoka mapema, zilizobaki zote zimechelewa, siku mbili, nne, kuna suti moja siku 16.

Sasa kinachoniumiza kichwa ni hiki. Pembeni yangu kuna fundi mwenzangu, tunapanga fremu moja, yeye akimwambia mteja Jumanne mimi moyoni nasema hiyo ni Ijumaa, na inakuwa Ijumaa kweli. Huyu mtu simjui kama ninavyojijua mimi. Mimi nakaa na mimi usiku na mchana, najua nilivyo, najua ninachokitaka, najua nikichoka nakuwaje. Iweje yeye namtabiri vizuri na mimi mwenyewe nashindwa? Mwenye elimu ya haya mambo anisaidie, na mwenye uzoefu pia, sio lazima uwe msomi.

mwl_usariver

Dada pole, na hongera kwa hilo daftari, wengi hatuna ujasiri wa kulifungua.

Ulichokiona kina historia ndefu kwenye saikolojia. Wanasaikolojia wawili wa Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walikiandika mwaka 1979, kwamba mtu akipanga kazi yake anaona muda mfupi kuliko ule utakaotumika, na anafanya hivyo hata kama kazi za aina hiyo zimeshamchelewesha mara nyingi tu. Alafu 1994 watafiti watatu, Buehler, Griffin na Ross, huko Kanada, wakawachukua wanafunzi wa chuo waliokuwa wanamalizia tasnifu zao wakawauliza utamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema kama siku 34. Walimaliza kwa siku 55 na zaidi. Na waliulizwa pia, haya, kila kitu kikienda vibaya kabisa kabisa je? Wakasema kama siku 49. Yaani hata ile ya "mambo yote yameharibika" bado ilikuwa na matumaini kuliko ukweli. Waliomaliza ndani ya siku walizosema hawakufika theluthi.

Ila kinachokuhusu wewe zaidi ni hiki. Waliwaambia watu wafikiri kwa sauti wakati wanatabiri, wakawarekodi. Maneno mengi yalikuwa ya mbele, nitafanya hivi kisha vile, wachache sana waligusa yaliyopita. Na wakikumbushwa kwamba mbona juzi ulichelewa, kila mtu ana sababu ya siku ile, mashine iliharibika, niliumwa, na kila sababu ni ya kweli. Kwaiyo ile mara iliyopita haihesabiwi, inawekwa pembeni kama ajali. Ukiangalia daftari lako nina hakika kila mstari una hadithi yake, siku ile umeme ulikatika, siku ile uzi wa rangi ile uliisha ukaenda mjini.

Kwa jirani yako huna hizo hadithi. Hujui kwamba Jumatano mtoto wake alikuwa na homa, we unaona tu Jumanne imekuwa Ijumaa, tena na tena. Kutokumjua ndiko kunakofanya umtabiri vizuri. Wewe ulivyo ndani unaona nia yako, na nia inang'aa kiasi kwamba inaficha kila kitu kilichoko nyuma yake.

Kahneman mwenyewe yalimkuta. Alikuwa na kikundi wanaandaa kitabu cha shule, siku moja akasema kila mtu aandike kwenye karatasi itachukua muda gani. Wakaandika miaka miwili hivi, wa chini mwaka mmoja na nusu, wa juu miwili na nusu. Mle ndani alikuwepo bwana mmoja mtaalamu wa mitaala, naye ameandika hivo hivo. Kahneman akamgeukia akamuuliza, vikundi vingine kama sisi unavyovijua vilichukua muda gani? Yule bwana akanyamaza, alafu akasema kama 40 kwa 100 hawakumaliza kabisa, na waliomaliza ilikuwa miaka 7 mpaka 10. Alikuwa na hiyo habari kichwani wakati anaandika miwili! Kitabu kilikuja kuisha baada ya miaka 8. Hii hadithi huwa nawasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha nne kila mwaka wakianza kupanga ratiba ya kujisomea.

kwa_mrombo_junction

Mi nauliza tu bila kukuvunjia heshima dada. Una uhakika ulikuwa unatabiri? Maana fundi akisema wiki mbili mteja anaenda kwa fundi wa pili. Labda Alhamisi ilisemwa na njaa, moyo ukaja kuikubali baadae.

mgumu_marangu

Naongea kutoka Moshi. Nimeanza mlimani kama mpagazi, sasa hivi ni muongoza wageni, Kilimanjaro nimepanda mara nyingi siwezi kuhesabu, na hili swali ndo kazi yangu ya kila siku aisee.

Mgeni akifika geti la Marangu anakuambia mimi niko fiti, nakimbia kilomita 42, naenda jimu. Anajijua, hadanganyi. Tatizo mlima hauulizi jimu. Mwili kuzoea hewa nyembamba ni kitu kingine na ukimbiaji ni kitu kingine, nimeona wakimbiaji wa marathoni wanatapika kambi ya Horombo na mama wa miaka 60 anayetembea polepole anafika kileleni Uhuru mita 5,895 anapiga picha. Na hao wakimbiaji ndo wanaumia zaidi mara nyingi, kwa sababu wanajiona wana nguvu wanapanda haraka, na kupanda haraka ndo kunakoleta shida.

Kwaiyo mi sikuhizi simuulizi mtu yuko fiti au la. Namuuliza umeshawahi kulala juu ya mita 3,000? Kichwa kiliuma? Ulikula? Ulilala? Akinijibu hayo manne nina picha nzuri kuliko angeniambia habari za mazoezi yake saa nzima. Aliyeugua huko nyuma kwenye milima mingine, uwezekano wa kuugua tena ni mkubwa, namwekea siku ya ziada ya kuzoea na namwangalia kwa karibu.

Alafu kuna jambo la pili na hili dada nataka ulisikie. Usiku wa kileleni tunatoka kambi ya Kibo, mita 4,720, karibu na saa sita usiku. Kuna mgeni mmoja, mtu mpole sana, kila nikimuuliza anasema niko sawa, sauti yake iko sawa, macho yananiangalia. Tulivyokaribia Gilman's, kule ukingoni juu kabla ya kilele, nikaona anahangaika na glovu. Anajaribu kuivaa ya mkono wa kushoto kwenye mkono wa kulia, anaivua, anairudia vilevile. Nikamwambia simama, tembea kwenye mstari, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma yako, hatua kumi. Hatua ya tatu akayumba akanishika. Nikamwambia tunashuka. Akakataa, akaniambia kwa utulivu kabisa nitafika, najijua. Tulimshusha mimi na mwenzangu mmoja, alivyofika Horombo akapata nafuu, akaniomba msamaha, alafu akasema hakumbuki habari ya glovu.

Kwaiyo kile anachokitumia mtu kujipima ndicho hichohicho kilichoumwa. Hawezi kujua. Mi wa nje ndo naona glovu. Nafikiri na kwako ukiwa umechoka saa kumi na moja jioni na mteja kasimama mbele yako anakuuliza lini, hapo sio saa ya kujiuliza, hapo unatakiwa uwe na kitu cha nje cha kuangalia.

sindano_na_uzi (Arusha)

Asanteni sana, kaka yangu wa Marangu hiyo ya glovu imenipa baridi.

Wa Kwa Mrombo, swali lako limenikaa vibaya nikaona nisikimbilie kulijibu. Nimerudi kwenye daftari nikapitia mstari kwa mstari nikijiuliza hapa nilipoandika hii siku nilikuwa najua haiwezekani? Zipo. Nimezikuta 6 ambazo nikikaa na nafsi yangu najua niliogopa kumpoteza mteja. Hizo nimezikubali ni uongo na nitaziacha. Ila hizo zingine 25 sikuwa najua, niliamini. Na hizo ndo zinanitisha zaidi, maana ningekuwa mwongo ningeacha uongo yakaisha.

tofali_la_majengo

Nimesoma uzi mzima kwa makini na naheshimu waliosoma, ila kuna mahali mnanitisha.

Mimi nilikuwa mlevi. Sio wa sherehe, mlevi wa kila siku, miaka 9, hapa hapa Moshi, fundi ujenzi. Niliapa kuacha mara sita na nilirudi mara sita. Sasa mwalimu angenikuta mara ya saba akaniambia angalia rekodi yako kijana, daftari langu lingesema nini? Lingesema utarudi. Na kama ningekubali hiyo hesabu mimi leo ningekuwa nimeshazikwa. Miaka minne sasa sijagusa.

Kwaiyo mi nasema kujitabiri mwenyewe hakufanani na kutabiri mvua. Mvua haisikii unachosema. Mimi nikisema "nitarudi kunywa, ndivo nilivyo" hapo sijatabiri, hapo nimeshakubali kurudi, nimejipa ruhusa. Mtu akijiangalia kama anavyomwangalia jirani anajikabidhi kwa jirani. Jirani yangu huwa namsubiria nione atafanya nini, mimi sisubiriwi, mimi ndo mwenye kufanya.

Ila nitasema ukweli wote. Mara ya saba sikuapa kwa nguvu zaidi kuliko zile sita. Zile sita niliapa nalia, nilikuwa na nia kuliko hata hiyo ya saba. Tofauti ni kwamba nilikuwa nimeshajua naangukia wapi. Ni Jumamosi, saa kumi na moja, nimepokea posho mkononi, napita Mbuyuni kuelekea nyumbani, kuna kona moja wanauza mbege na wananifahamu kwa jina. Ni pale tu. Jumatatu nilikuwa naweza kupita nisitamani hata tone. Kwaiyo nikamwomba bosi posho yangu amtumie mke wangu kwenye simu, na Jumamosi nikawa nazungukia upande wa Pasua, ni mbali, miguu inauma, nilizunguka hivo miezi minane.

Mtaniambia huko nako ni kuangalia rekodi. Sawa. Ila rekodi iliniambia mahali pa kuweka mguu, haikuniambia kama nitafika.

mwl_usariver

Kaka wa Majengo nimekusoma mara mbili. Mungu akutunze na mama watoto.

Unachosema kina ushahidi pia na nilitakiwa nikiseme mwanzo. Mwaka 1980 mtafiti anaitwa Steven Sherman, jimbo la Indiana, Marekani, aliwapigia watu simu akawauliza tu, mtu akikuomba ujitolee kwa muda wa masaa matatu kukusanya michango ya kupambana na saratani utakubali? Karibu nusu wakasema ndiyo. Siku kadhaa baadae mtu mwingine kabisa anapiga simu anawaomba kweli. Waliokubali walikuwa 31 kwa 100, pungufu ya walivyotabiri, ndio, walijiona wazuri kuliko walivyo. Ila angalia upande wa pili, wale ambao hawakuulizwa utabiri wowote, waliombwa moja kwa moja, walikubali 4 kwa 100 tu. Yaani kule kujitabiria tu mema kulivuta watu wengi wakafanya mema ambayo wasingeyafanya. Utabiri ulikosea na wakati huohuo ukajitengeneza kuwa kweli kwa sehemu.

Kwaiyo dada sikushauri uache kusema siku. Ukimwambia mteja "sijui, ikiisha imeisha" hiyo suti ya siku 16 itakuwa ya siku 40.

shamba_bomang_ombe

Mimi ni mkulima wa mahindi na maharage huku Hai. Kaka wa Majengo kanikumbusha kitu tulichofundishwa na bwana shamba kwenye semina, utafiti wa jirani zetu Kenya, kule Busia, wa kina Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, ulitoka 2011.

Wakulima walionyeshwa mbolea inavyofanya kazi kwenye shamba lao wenyewe, wakaona kwa macho. Wakaulizwa msimu ujao utatumia? Zaidi ya 97 kwa 100 wakasema nitatumia. Waliotumia, kama 37 kwa 100. Sasa hapa mtu wa mjini atasema wakulima wazembe au hawana hela. Hela ilikuwepo, baada ya mavuno, ila kutoka mavuno mpaka kupanda ni miezi, na hiyo miezi ina ada, ina msiba, ina bati la jikoni, na we kila wiki unasema nitanunua wiki ijayo. Mimi naijua hiyo miezi jamani, sihitaji kusimuliwa.

Wakafanya hivi, mtu akaja nyumbani kwa mkulima mara tu baada ya kuvuna, mkulima analipa bei ileile ya dukani, punguzo hakuna, analetewa mbolea bure mpaka nyumbani itakapohitajika. Matumizi yakapanda sana, ikakaribia hata matokeo ya kuuziwa nusu bei msimu wa kupanda. Na kilichonigusa, wakulima wengine waliulizwa mapema, unataka huyu mtu aje lini, mavuno au baadae karibu na kupanda? Wengi tu wakachagua aje mavuno. Kama mtu anaamini hela atakaa nayo vizuri, angesema aje baadae, ya nini kuharakisha? Walijua. Midomo ilisema nitanunua tu, ila walipopewa nafasi ya kuchagua, wakachagua kama watu wanaojua mkono wao una tundu.

Sasa fundi swali langu kwako, ukishapokea kitambaa, unakikata lini?

sindano_na_uzi (Arusha)

Kaka shamba umepiga penyewe. Nakikata siku niliyoahidi ikiwa imekaribia kabisa au imeshapita. Kila mara. Nakiweka kwenye rafu na karatasi ya vipimo imebanwa na pini na kinakaa pale. Nikishakikata hakichelewi, gauni likishakatwa nalishona siku hiyohiyo au kesho yake, maana vipande vikikaa vinapotea na mimi mwenyewe sipendi kuviona. Kumbe kuchelewa kwangu kote kuko kwenye rafu. Sijawahi kuliona hili miaka 11.

dada_wa_njiro

Mdogo wangu niongezee kidogo. Kuna utafiti wa mwaka 1999 wa MacDonald na Ross, waliwauliza wanafunzi wenye wapenzi kama uhusiano wao utadumu, alafu wakawauliza na wazazi na wanaokaa nao chumba kimoja. Wenye uhusiano walikuwa na uhakika zaidi ya wote. Waliotabiri vizuri zaidi utadumu muda gani ni wale wa pembeni, wazazi na wenzao wa chumbani. Mimi nililea wadogo zangu wanne na hili halinishangazi. Mama yetu alikuwa anamwangalia tu mgeni anavyopokea chai na anajua.

Hapo dukani kwako hauko peke yako nadhani. Umemuuliza anayekaa na wewe?

sindano_na_uzi (Arusha)

Wakuu nimerudi baada ya wiki, samahanini kwa ukimya, ni msimu wa harusi huu.

Dada wa Njiro shikamoo, na nimefanya ulichosema. Nina binti ananisaidia, mwaka wa pili huu, anapiga pasi, anafunga vifungo, anapokea simu mimi nikiwa kwenye mashine. Juzi jioni tunafagia nikamuuliza kwa upole, hivi mimi nikimwambia mteja Jumanne we unaonaje? Akanyamaza, akaendelea kufagia. Nikamwambia sitakasirika. Akasema "dada, ukisema Jumanne, mimi wateja wakipiga simu kuulizia nawaambiaga waje Ijumaa. Ukisema wiki moja nawaambia siku kumi. Ndo mana siku hizi hawaji wengi kugomba."

Nilikaa chini kwenye kile kigoda cha wateja. Yaani mimi nina daftari la siri, kumbe na yeye analo kichwani, na lake limeanza kabla ya langu, na lilikuwa linanilinda bila mimi kujua. Nikamuuliza yule mama wa kipaimara je? Akasema yule hakupiga simu, alikuwa anakuja mwenyewe.

Sikuwa na hasira hata kidogo, nililia kidogo, sio kwa huzuni, ni kwamba mtoto wa miaka 20 alikuwa ananijua hivo na bado anafanya kazi na mimi kwa moyo mweupe.

Tulichokubaliana ni hiki, kitambaa kikipokelewa kinakatwa siku hiyohiyo mteja akiwa bado amekaa, kama ilivyo mbolea ya kule Busia, kabla hakijaenda rafuni. Mteja akiuliza lini, mimi nasema siku yangu moyoni, binti ndo anaitamka yake kwa mdomo, na ya kwake ndo inaandikwa kwenye risiti. Na kaka wa Majengo, sijaacha kusema siku yangu, naiandika bado kushoto kwenye daftari, nataka siku moja zije zikutane.

Leo asubuhi kaja mama mwingine na kitenge cha kwenda kwenye send off ya mwanae, tarehe 14. Nimekikata anakunywa chai. Mimi moyoni nilisema Jumatano. Binti kaangalia ile rundo, kaangalia uso wangu, akamwambia mama njoo Jumamosi asubuhi. Yule mama akatuangalia wote wawili akauliza kwani nani fundi hapa, nikamwambia fundi ni mimi, ila siku anayo yeye.

mgumu_marangu

Naondoka kesho na wageni wanane, nikishuka nitapita huku nione hiyo Jumamosi imekuwaje. Tuwekee mstari wake.